Mtoto anayewasha mbabula tumufundishe nini juu ya taka?

Kwetu Goma mtoto anajua kuwasha mbabula mbele ya kujua kuandika vizuri. Mama anamtuma, naye anafanya vile ameona wakubwa wanafanya: anaweka sasheti ya plastiki chini ya makala, anapiga kiberiti, anapuliza, na moshi mweusi unamwingia puani. Ndiyo maana ninasema somo la kugeuza taka kuwa moto lianze na yeye.

Nikikaa na batoto wa mtaani, kwanza tunachambua taka. Maganda ya ndizi, ya mihogo na ya viazi, magunzi ya mahindi, vumbi la makala lililobaki ndani ya gunia: hiyo yote iko na moto ndani. Plastiki, mpira na betri za radio, hapana. Batoto watakujibu kwamba plastiki inawaka vizuri. Ni kweli, lakini moshi wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni yule anayepuliza.

Maganda yanaanikwa mpaka yakauke kabisa, kisha yanachomwa kwa hewa kidogo. Wengi wanafundisha kuchimba shimo. Lakini juu ya mawe haya ya Nyiragongo nani atachimba? Tunatumia pipa kuukuu lenye kifuniko, na kazi ya pipa ni ya mtu mkubwa. Hapa ndipo sayansi yenyewe iko. Ganda likipata hewa nyingi linaisha kuwa majivu. Likinyimwa hewa, linatoa moshi wake na kubaki jeusi: makala. Choma ya namna zote mbili, ziache zipoe, mtoto ashike majivu mkono huu na makala mkono ule. Hatasahau.

Baadaye tunasaga, tunaongeza lile vumbi la makala, tunachanganya na uji mzito wa unga wa mihogo ili vishikane, tunafinyanga madonge na kuyaanika siku kadhaa. Donge linachelewa kushika moto na linaacha majivu mengi. Likiwa bado na unyevu, linafuka tu. Waambie batoto ukweli huo, maana mama zao watauona jikoni siku ileile.

Na tusidanganyane: maganda ya nyumba moja hayatoshi kupika maharagi kila siku. Nyumba kumi zikikusanya pamoja, hapo tunaweza kuongea. Makala ya mji huu ni miti, na mingine inakatwa ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Kila gunia tunalopunguza linahesabika, hata kwa mfuko wa mama.

Kuna neno moja ninalorudia mpaka batoto wanacheka: donge lisilo na moshi bado linatoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo inaua. Usiku, mbabula inalala nje.