Damu ya Ufizi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huliona asubuhi na kulitema chini bila kulifikiri, nalo ni damu itokayo katika ufizi wakati wa kupiga mswaki.

Mtu akijikata kidole hutafuta kitambaa mara moja. Lakini damu ya ufizi haina msiba; mtu huitema, husukutua, huenda zake shambani. Na akiwa ni mtu wa kufikiri sana husema, "Mswaki wanidhuru. Afadhali niuache siku chache ufizi upate kupona." Sisi wenyewe tulisema hivyo tulipokuwa vijana wa miaka 20. Tukauacha mswaki siku tatu, kisha juma zima, kisha tukazoea kusafisha meno ya kando na kuyapita yale ya mbele ya chini yaliyokuwa yakitoka damu. Hatukuumwa hata siku moja, na hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Miaka ikapita. Meno yale yakaonekana kuwa marefu, kisha yakaanza kucheza, na katika mwaka wa 38 wa umri wetu mawili yalitoka kwa vidole, moja kwanza, la pili baada ya mwezi. Wanafunzi wetu chuoni hutuona twafunika mdomo tukicheka, wakadhani ni adabu.

Basi, damu hiyo yatoka wapi? Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, pitisheni ukucha safi katika shingo ya jino, yaani pale jino liingiapo katika ufizi. Mtaona kitu cheupe, laini, chenye kunata kama uji uliolala. Huo ni ukoga. Wengi hudhani kuwa ni mabaki ya chakula, lakini sehemu yake kubwa ni vijidudu vilivyo hai, visivyoonekana kwa macho matupu, vimeshikamana na jino kama utelezi juu ya jiwe la mtoni. Ukiuondoa asubuhi, jioni umekwisha anza kurudi. Ukiachwa ukae, vijidudu hutoa sumu, na mwili hupeleka damu nyingi mahali pale ili kupigana navyo. Ndipo ufizi huwa mwekundu, huvimba, ngozi yake ikawa dhaifu, hata ukiguswa kidogo hutoka damu. Mswaki huifichua tu damu ambayo ukoga umekwisha iita.

Jambo hili limepimwa kwa watu. Mwaka 1965 mtaalamu wa meno Harald Löe na wenzake walitoa habari ya jaribio walilolifanya huko Denmark. Watu 12 wenye ufizi mzuri waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Siku 10 zilipopita wengine walikuwa wameanza kuvimba ufizi, na kabla ya siku 21 kuzidi sana wote walikuwa wagonjwa. Kisha wakaambiwa wasafishe tena kwa bidii. Katika muda wa kama juma moja ufizi wao ukarudi katika hali yake. Hawakupewa dawa ya kunywa wala ya kupaka. Laiti tungalijua habari hiyo wakati ule! Tuliuacha mswaki kwa sababu ya damu, kumbe dawa ya damu ile ilikuwa ni mswaki wenyewe.

Dawa ya kwanza ya nyumbani, basi, ni kijiti, na nchi yetu haikukosa vijiti. Mti uitwao mswaki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, humea katika nchi kavu, na mizizi yake na matawi yake yametumiwa tangu kale. Kwa Waislamu kuutumia ni sunna. Wengine hutumia mwarobaini, ambao ni mchungu lakini wafaa. Kateni kijiti kibichi chenye unene wa kidole cha mwisho, mmenye ganda la ncha moja, mtafune polepole hata nyuzi zifumuke kama burashi. Kijiti kikavu kilowesheni kwanza, maana nyuzi ngumu huchoma ufizi. Sasa sugueni kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, meno ya juu kwa kushuka, ya chini kwa kupanda, pasipo kutumia nguvu. Hatuoshi sufuria. Ufizi wa mtu asuguaye kwa hasira hurudi nyuma, na mzizi wa jino hubaki wazi.

Tumewatazama wanafunzi wetu wengi wakipiga mswaki, na kosa lao karibu wote ni moja: husugua upande wa nje, ule uonekanao wakicheka, wakasahau upande wa ndani uguswao na ulimi. Ukoga nao hupenda kukaa kule ambako haufukuzwi. Kwa kijiti ni kazi kidogo kufika huko. Yabidi kukishika kwa kukikingama na kufungua kinywa sana. Mwenye mswaki wa dukani achague wenye nywele laini. Kazi hii yataka dakika mbili nzima, asubuhi na usiku, na kama mtu hana budi kuacha mara moja, asiache ya usiku, kwa kuwa tulalapo mate hupungua, na mate ndiyo huosha kinywa. Kila siku mbili tatu ikateni ncha ya kijiti iliyokwisha tumika mtafune mpya.

Pamoja na mswaki, chumvi. Tieni nusu ya kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, msukutue kwa muda wa nusu dakika, mteme. Fanyeni hivyo mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku chache, wakati ufizi umevimba. Chumvi hutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, lakini haiwezi kuung'oa ukoga ulioshika jino. Mtu asukutuaye chumvi bila kupiga mswaki ni kama apakaye chokaa ukuta wenye mchwa. Wala msiisugue chumvi kavu juu ya ufizi.

Wengine hutafuna majani machanga ya mpera. Ukakasi wake hukaza ufizi kwa muda, nasi hatuwakatazi. Karafuu hutia ganzi jino linalouma, na hapo ndipo mwisho wa kazi yake. Mafuta yake makali yakimwagwa juu ya ufizi huuchoma. Mkaa uliosagwa na mchanga hung'arisha jino kwa kulikwaruza, hata siku moja ule ung'avu wenyewe umekwisha. Ndimu hufanya vibaya zaidi, kwa maana ukali wake hulainisha gamba la jino. Kuliko vyote, tumbaku. Ufizi wa mvuta sigara hutoka damu kidogo tu, akadhani ni mzima, kumbe moshi umeificha dalili huku chini ugonjwa ukiendelea.

Kuna damu nyingine ya ufizi ambayo asili yake ni njaa ya matunda. Hiyo ni kiseyeye, na pwani yetu yaikumbuka tangu zamani. Wareno walioongozwa na Vasco da Gama walipovuka bahari kutoka Bara Hindi kuja huku, walikaa majini karibu miezi mitatu. Habari ya safari ile yaeleza kuwa ufizi wao uliota ukafunika meno wasiweze kula, na watu 30 walikufa njiani. Walipotia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499, jambo moja walilolitaka kwa ajili ya wagonjwa lilikuwa machungwa. Wakaletewa, ila wengi walikuwa wamechelewa, wakafia pale pale. Leo twajua kuwa kitu walichokikosa ni vitamini C, iliyomo katika machungwa, mapapai, maembe, ubuyu, na zaidi sana katika mapera. Twaona ajabu mtu kuchuma majani ya mpera kwa ajili ya ufizi wake huku matunda akiwaachia ndege! Lakini msidhani kuwa mla matunda hahitaji mswaki. Ukoga humpata yeye vilevile.

Sasa yafaa tuseme wazi mahali ambapo dawa za nyumbani hukoma. Ukoga ukikaa siku nyingi hupata chokaa itokayo katika mate, ukawa mgumu kama jiwe, rangi yake manjano au kahawia. Jiwe hilo halitoki kwa kijiti wala kwa chumvi, na mtu asijaribu kulichokoa kwa kisu au msumari. Mganga wa meno analo chuma chake cha kulikwangua. Likiachwa, ufizi hujitenga na jino ikawa mfuko kati yao, usaha hukaa ndani, na mfupa ushikao jino huliwa kidogo kidogo, kama nguzo ya nyumba inayofukuliwa udongo. Mfupa ulioliwa haurudishwi na jani lolote. Sisi tulikwanguliwa jiwe letu baada ya meno mawili kwisha potea. Ufizi uliobaki ulitoka damu siku sita kila tulipopiga mswaki. Siku ya saba tulitema maji meupe, tukasimama kuyatazama.

Kwa hiyo, ikiwa mmesafisha vyema kwa majuma mawili na damu haikukoma, au jino lacheza, au usaha watoka, nendeni hospitali. Mwenye kisukari asingoje hata hayo majuma mawili, maana ugonjwa huu humshika kwa nguvu zaidi. Mwanamke mwenye mimba naye ufizi wake huvimba upesi. Asiambiwe kuwa mtoto anamla meno, bali azidi kupiga mswaki, tena polepole, na aonyeshe ufizi wake aendapo kupimwa.

Limebaki moja, nalo lahusu watoto wadogo. Mtoto aliyedhoofika kwa kukosa chakula, au aliyetoka kuugua surua, aweza kupata kidonda katika ufizi chenye harufu mbaya, kisha shavu likavimba na kuwa jeusi. Ugonjwa huu huitwa noma, na mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa za hospitali, chakula chema na kusafisha kinywa. Ukiachwa, siku chache tu hutosha kula shavu lote. Mzazi aonaye kidonda cha namna hiyo asikate kijiti wala asichemshe maji ya chumvi. Ambebe mtoto ampeleke siku ile ile.