Agosti ya Mwalimu Msaidizi Japani

Vijana wanaoniomba ushauri kabla ya kwenda Japani kusaidia kufundisha Kiingereza huuliza kwanza habari za darasani: nitawafundishaje watoto wasionielewa? Swali ni zuri, ila linawahi. Wengi wanaoajiriwa kupitia JET, mpango wa serikali ya Japani ulioanza mwaka 1987, hufika mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, shule zikiwa kwenye likizo ya kiangazi. Wanafunzi hawapo. Kuna makaratasi na ofisi ya walimu, na hapo ndipo mgeni anapotulia au anapoanza kuyumba.

Makaratasi yana mpangilio wake. Ukishuka Narita au Haneda, Uhamiaji wanakupa kadi ya ukaazi isiyo na anwani. Ukishapata pa kuishi, sheria inakupa siku 14 kwenda ofisi za manispaa kuandikisha anwani, nayo huandikwa nyuma ya kadi. Nenda mapema uwezavyo, usingoje siku hizo ziishe. Benki haitakufungulia akaunti bila anwani hiyo, na itataka pia namba ya simu. Kampuni nyingi za simu nazo zinataka akaunti ya benki. Mwajiri anangoja akaunti hiyohiyo akuwekee mshahara. Anayechelewa manispaa huchelewa kila mahali.

Kuna jambo linalowasumbua sana watu wetu wenye majina matatu marefu. Benki hukuandika kwa herufi za katakana, na jina moja la Kiafrika huweza kuandikwa humo kwa namna mbili au tatu, kila karani na sikio lake. Chagua namna moja siku ya kwanza, iandike kwenye karatasi, uitumie hiyohiyo benki, kwenye bima ya afya na kwenye simu. Herufi moja ikitofautiana, malipo yanaweza kurudishwa.

Usiende mkono mtupu. Waajiri wengi husaidia kutafuta nyumba, lakini gharama mara nyingi hubaki kwako: kodi ya mwezi wa kwanza, amana iitwayo shikikin, na pengine reikin, fedha za shukrani kwa mwenye nyumba ambazo hazirudishwi. Kwa pamoja zinaweza kufikia kodi ya miezi mitatu au zaidi, na mshahara wa kwanza utaungoja wiki kadhaa.

Sasa ofisi ya walimu. Meza zimeunganishwa zikatazamana, mwalimu mkuu msaidizi amekaa mahali anapoona wote, na wewe una meza yako hata kama hakuna kipindi. Viatu vya nje vinaachwa mlangoni. Beba vya ndani kutoka nyumbani, hasa kama mguu wako ni mkubwa, kwani saizi hizo ni adimu huko. Salimia kila unapoingia, aga kila unapotoka. Aliyelelewa kwetu, ambako kupita watu bila salamu ni utovu wa adabu, hapa hana cha kujifunza isipokuwa maneno yenyewe.

Kuna pia chakula cha mchana. Katika shule za msingi wanafunzi wenyewe hupakua, wamevaa aproni na kofia nyeupe, na hakuna anayegusa chakula kabla darasa zima halijatamka shukrani kwa pamoja. Kuketi nao ni somo kubwa kuliko kipindi chochote. Ila nyama ya nguruwe huwamo mara kwa mara, wakati mwingine ndani ya supu usikoiona. Ratiba ya vyakula hutolewa mapema kwa mwezi mzima. Mwislamu aizungumze na shule mwezi huo wa Agosti, aombe kubeba chakula chake. Asisubiri sahani iwe mbele yake.

Na hilo darasa uliloniuliza? Kumbuka cheo chako ni msaidizi: mwenye darasa ni mwalimu wa Kijapani mwenye leseni. Tangu 2020 Kiingereza ni somo rasmi katika darasa la tano na la sita, na walimu wengi wa madarasa hayo, wanaofundisha karibu masomo yote, hawakusomea kukifundisha. Baadhi watakuachia kipindi kizima. Wengine watakutaka usome maneno kwa sauti tu. Huwezi kujua bila kuuliza, kwa hiyo muulize kila mmoja anakutaka ufanye nini. Kipindi chako cha kwanza kitakuwa cha kujitambulisha, na utakirudia katika kila darasa kwa wiki nyingi. Chukua picha kubwa za nyumbani, kanga, sarafu za shilingi: vitu ambavyo mtoto atavishika mkononi.

Wewe ambaye mkataba umeshaupata, iandikie shule wiki hii. Uliza nani atakupeleka manispaa, nyumba itagharimu kiasi gani siku ya kuingia, na utafundisha shule ngapi. Majibu hayo yatakusaidia kuliko kitabu chochote cha mbinu za kufundishia.