KISU KIDOGO KATIKA MFUKO WA SAFARI

Shule zikifungwa mwezi wa Julai na kiangazi kikishika, watoto wengi wa Goma huwaendea wazazi wao na ombi moja: "Baba, mwaka huu utatupeleka milimani?" Wala si ajabu. Mtoto wa Goma huiona milima kabla hajaijua njia ya shule. Kaskazini ya mji umesimama Nyiragongo, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,470, nao huonekana tangu uani kwa mama hata uwanja wa mpira.

Leo twapenda kusema habari za matembezi ya jamaa milimani, na hasa habari za chombo kimoja kidogo kisichokosekana katika mfuko wa safari, yaani kisu. Huenda mwingine atacheka na kusema: "Kisu nacho chahitaji kuandikiwa gazetini?" Chahitaji. Katika nchi hii yetu makali yamewaliza watu wengi, na watoto wetu wamesikia habari za panga kabla ya kujua kumenya kiazi. Basi mzazi ampaye mtoto kisu ampa pamoja nacho fundisho, ama jema ama baya.

Kwanza njia, kisha kisu

Katika miaka ya utulivu wageni walikuwa wakipanda Nyiragongo kutoka Kibati pamoja na walinzi wa Hifadhi ya Virunga, mwendo wa saa nne mpaka sita, hata ukingo wa shimo la moto. Lakini safari hizo zimekatika mara nyingi. Mwaka 2018 zilisimamishwa baada ya watalii kutekwa nyara na mlinzi mmoja kuuawa. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka. Na mwezi wa Januari 2025 vita vikaingia Goma, mji ukatekwa na kundi la M23. Kwa hiyo hatumtumi mtu kileleni. Mlima haukimbii. Jamaa iridhike na kilima kilicho karibu, ambacho wenyeji wake hukipita kila siku kwenda shambani, na kabla ya kuondoka iwaulize wenyeji hao habari za njia.

Yako mambo matatu ambayo kila mtoto ayajue kwa moyo. La kwanza, tusiache njia iliyokanyagwa. La pili, chuma tusichokijua tusikiguse, hata kikiwa kizuri namna gani, maana vita huacha mabaki yake majanini. La tatu, tusipumzike bondeni wala katika shimo la mawe ya lava. Huko hukaa mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini, ambayo ni nzito kupita hewa ya kawaida, hujikusanya mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, na haionekani wala hainuki. Mbuzi huingia akafa. Mtoto mfupi huivuta kabla ya baba yake aliye mrefu. Neno hili mazuku, lililotoka vinywani mwa watu wa Kivu, leo wataalamu wa milima ya moto wa nchi nyingi hulitumia vile vile katika vitabu vyao.

Kisu gani?

Wahenga walisema: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu kikubwa. Kisu cha safari chatosha kikiwa na bapa refu kama kidole cha shahada, na mpini unaojaa mkononi. Kikiwa cha kukunja, kiwe na kizuizi. Kisicho na kizuizi chaweza kujifunga ghafula na kukata vidole vya mwenyewe. Watu wa milima ya Ulaya walilitambua jambo hilo zamani. Mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, fundi Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha kukunja chenye mpini wa mti, kwa ajili ya wakulima na wachungaji. Na mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge. Mpaka leo kisu hicho chatengenezwa, nacho bado ni chombo cha watu wa kawaida.

Kisu tukipendacho sisi nyumbani ni cha soko tu, chenye mpini wa mti uliokwisha kuwa mweusi kwa mafuta ya mikono yetu. Kimenolewa mara nyingi hata bapa lake limekuwa jembamba. Hatukipendi kwa sababu ya bei, bali kwa sababu ya kazi zake: kimemenya viazi, kimekata miwa, kimechonga fimbo za kupandia vilima, kimegawa mikate isiyohesabika.

Mpini wa Ishango

Tena msidhani ya kuwa kupenda kisu na mpini wake ni jambo la juzi. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa akichimba Ishango, mahali ambapo mto Semliki watoka katika ziwa Edward, ndani ya hifadhi hii hii ya Virunga. Akaona mfupa mdogo wa urefu wa sentimita kumi hivi, nao mwishoni umepachikwa kipande cha jiwe la kwarzi, gumu na lenye makali. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Juu ya mfupa huo mwenyewe alichora alama nyingi, katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya alama 9, 19, 21 na 11. Nyingine ina 19, 17, 13 na 11. Ninyi wanafunzi, jumlisheni: kila moja yafika 60. Wataalamu hawajapatana kama hizo ni hesabu, au kalenda ya mwezi, au alama za kuzuia mkono usiteleze. Mfupa wenyewe umewekwa katika jumba la makumbusho Bruxelles.

Tazameni basi! Katika Kivu hii, zamani sana, mtu alishika chombo chenye makali. Aliuchora mpini wake kwa subira, alama baada ya alama. Huyo naye ni mzee wetu, na yafaa watoto wetu wamjue.

Kumfundisha mtoto

Twajua methali isemayo: mtoto akililia wembe, mpe. Lakini mzazi mwenye akili hangoji damu iwe mwalimu. Amfundishe mapema, naye mwenyewe akiwa karibu.

Mwenye kukata aketi, wala asikate huku akitembea. Anyoshe mkono na kuuzungusha; kama waweza kumgusa mtu, huyo asogee kwanza. Makali yaelekee mbali na mwili. Anayempa mwenziwe kisu autangulize mpini, na mwenziwe aseme "nimeshika" kabla kisu hakijaachwa. Kisu kibutu ni hatari kuliko kikali, maana mkono hutia nguvu nyingi, kisha huteleza. Basi kinolewe kwa kinoo laini kilicholowa maji, si kwa jiwe la lava lenye matundu, ambalo hutafuna makali. Baada ya kazi kioshwe, kikaushwe, kirudi katika ala.

Tena ndani ya hifadhi tusikate mti wala tawi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1925, na walinzi wake zaidi ya 200 wamekufa kazini. Mtoto akatae tangu sasa kuchonga jina lake katika mti asioupanda.

Saa ya kula

Mkifika juu, penye upepo mzuri, tandikeni kitenge. Toeni mkate, ndizi, parachichi na jibini la Masisi. Hapo kisu hupewa mtoto mkubwa ili agawe, kwa sharti moja: mwenye kukata ndiye atakayechukua wa mwisho. Mtaona jinsi atakavyopima kwa macho, ndugu zake wakimtazama, na jinsi vipande vitakavyotoka sawasawa! Mafundisho mengi ya haki tumeyatoa ubaoni kwa chaki, wala hatujaona lililoingia upesi kama hilo.

Ninyi wazazi, hamwezi kuyaondoa makali yote duniani, wala kuwaficha watoto wasiyaone. Lakini mwaweza kuwatangulia. Mtoto aliyezoea kukata mkate na kuwapa wenziwe kwanza, mkono wake umekwisha kujua kisu ni cha nini. Siku mtu mwingine atakapokuja kumwambia vingine, atamkuta amekwisha kufundishwa.