Oksijeni Nyumbani: Nani Afundishwe, na Afundishwe Nini?

Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21, kiasi kinachomtosha mtu mwenye mapafu mazima. Mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha zamani, sigara au moshi wa jikoni wa miaka mingi yanaweza kushindwa kuipitisha ya kutosha kwenye damu, hata baada ya matibabu mengine kukamilika. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo huruhusiwa kurudi nyumbani wakiendelea kutumia oksijeni. Makala haya yanaeleza yale ambayo mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuyajua kabla ya siku hiyo, na namna mhudumu wa afya anavyoweza kuhakikisha kuwa wanayajua. Mifano yake ni ya Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Oksijeni ni dawa

Shirika la Afya Duniani limeiweka oksijeni katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1979. Kama dawa nyingine, ina mgonjwa wake, kipimo chake na muda wake. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1981 uliwafuatilia kwa miaka mitano wagonjwa 87 wa mapafu sugu waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni. Kati ya 45 ambao hawakupewa oksijeni, walifariki 30. Kati ya 42 walioitumia angalau saa 15 kila siku, walifariki 19. Kwa hiyo mgonjwa aliyeandikiwa saa 15 asingoje kubanwa pumzi ndipo avae mirija ya puani. Saa hizo ndizo tiba yenyewe, na saa za usingizi huhesabiwa.

Kwa upande mwingine, si kila anayehema anahitaji oksijeni. Mgonjwa wa mapafu sugu hufikiriwa kupewa oksijeni ya muda mrefu pale kiwango chake kinapokuwa asilimia 88 au chini, akiwa ametulia na amekwisha kutibiwa maradhi yaliyomleta. Apimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa wapo wanaopona kiasi cha kutoihitaji tena. Kifaa cha kidoleni nacho kina mipaka yake: rangi ya kucha au piko huweza kukipotosha, na kwa watu wenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi. Mwangalizi atazame kifaa, lakini amtazame na mgonjwa.

Kuongeza si kusaidia

Jamaa wanaomwona mzee wao akihema huvutwa kuzungusha kitasa kutoka lita 2 hadi 5 kwa dakika. Kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu sugu, oksijeni ikizidi, hewa ya ukaa hujikusanya mwilini. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa na usingizi mzito. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwani nyumba nzima hudhani kuwa mgonjwa amepata nafuu na amelala. Kwa wagonjwa hawa lengo huwa kati ya asilimia 88 na 92, wala si 100. Kipimo kiandikwe kwa kalamu isiyofutika na kubandikwa juu ya mashine. Hali ikibadilika, apelekwe kituoni, kitasa kisiguswe.

Moto, mawese na udi

Oksijeni yenyewe haiwaki, bali hukifanya kinachowaka kiwake kwa kasi kubwa. Cheche ambayo kwa kawaida ingezimika yenyewe huweza kuteketeza shuka na uso wa mgonjwa. Moto wa aina yoyote uwe umbali usiopungua mita 3: jiko la mkaa, sigara, mshumaa, kibatari, dawa ya mbu ya kuchoma, na pia chetezo cha udi au ubani, ambacho katika nyumba nyingi za Ujiji hakihesabiwi kuwa moto. Wanaokausha samaki kwa moshi au kukaanga migebuka uani wafanye hivyo mbali na dirisha la mgonjwa.

Jambo la pili ni mafuta. Mkono uliotoka kushika mawese usiguse valvu ya mtungi wala kidhibiti chake, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo kubwa huweza kuwaka bila kiberiti. Midomo na pua zilizokauka zisipakwe mafuta ya mgando. Daktari au mfamasia ashauri kilainisho chenye asili ya maji. Ikumbukwe pia kwamba nguo na matandiko hubaki na oksijeni kwa muda. Mgonjwa akivua mirija akae mahali penye hewa kwa nusu saa kabla ya kusogelea moto.

Umeme unapokatika

Kuna mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani na kuna mtungi. Mashine hutumia takriban wati 300 au zaidi, hivyo sola ndogo ya taa na simu haiwezi kuiendesha. Mwaka 2022 gridi ya taifa ilianza kufika mkoani Kigoma, uliokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli. Hata hivyo, hakuna umeme usiokatika, na mwenye mashine anahitaji mtungi wa akiba. Mtungi nao una hesabu yake. Ule mkubwa wenye lita 6,800 za gesi, ukitumika kwa lita 2 kwa dakika, hudumu saa 56 hivi. Kwa saa 15 kwa siku, haumalizi siku nne.

Usiku umeme unapokatika, mtu mmoja hufungua mtungi na mwingine huwasha mshumaa. Mikono miwili yenye nia njema huleta oksijeni na moto katika chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tochi au taa ya betri ikae kando ya mtungi daima, na viberiti visiwekwe chumbani humo.

Mtungi ufungwe wima ukutani kwa mnyororo, usianguke. Kwa wanaosafiri kwa boti kwenda vijiji vya mwambao wa kusini kama Buhingu na Kalya, usiwekwe karibu na injini wala madumu ya petroli. Mashine iache nafasi ya sentimita 30 kutoka ukutani, na chujio lake la nje lioshwe kila wiki. Chupa ya unyevu, kama imeagizwa, ijazwe maji yaliyochemshwa na kupoa, yabadilishwe kila siku; yasiwe maji mabichi ya ziwani.

Anayestahili kufundishwa

Mara nyingi maelezo hutolewa kwa mgonjwa aliyechoka, au kwa kijana aliyekuja kulipa bili, ambaye kesho yake hayupo nyumbani. Somo limfikie anayepika na anayelala karibu na mgonjwa. Muuguzi aulize kwanza: nani atakuwa naye usiku? Huyo aitwe wodini angalau siku mbili kabla.

Swali “Mmeelewa?” hujibiwa “Ndiyo” kwa heshima, na halipimi chochote. Afadhali kusema: “Mama, nionyeshe utafanya nini umeme ukikatika sasa hivi.” Afungue mtungi kwa mkono wake, asome geji, aweke lita zilizoandikwa, ataje vitu vya moto vilivyomo nyumbani mwake na dalili za kumrudisha mgonjwa hospitali: usingizi usio wa kawaida, midomo kuwa ya buluu au kijivu, kushindwa kumaliza sentensi. Akikosea, arudie bila kukemewa.

Ikibainika kwamba jiko na kitanda vimo katika chumba kimoja na havitenganishiki, au kwamba mvutaji sigara hajaacha, ruhusa isubiri mpaka jambo hilo lipatiwe ufumbuzi. Siku chache zaidi wodini ni mzigo kwa familia, lakini ni mwepesi kuliko moto.