Fahamu: Majina ya ukoo ya Waholanzi yalitoka wapi?
Shabiki wa soka anamjua Virgil van Dijk kama beki kisiki. Jina lake la ukoo linamaanisha "wa kwenye tuta", yaani tuta la kuzuia maji. Katika nchi ambayo takriban robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, ni kawaida kabisa mtu kutambulishwa kwa tuta alilokaa jirani nalo. Kaskazini, huko Friesland, wazo hilohilo hubebwa na mwisho wa jina: Dijkstra, mkazi wa tutani.

Wengine walipewa majina ya kazi: Visser mvuvi, Bakker mwoka mikate, Smit mhunzi. Jansen ni mwana wa Jan. De Jong, mojawapo ya majina yaliyoenea zaidi, ni "mdogo", na lilisaidia kumtofautisha mtoto na baba aliyeitwa sawa naye.

Mwaka 1811 Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyeitawala pia Uholanzi wakati huo, aliagiza kila mtu asajili jina la ukoo. Husimuliwa kwamba Waholanzi walimkejeli kwa kujiandikisha majina kama Naaktgeboren, "aliyezaliwa uchi". Hadithi tamu, lakini haisimami. Jina hilo ni la zamani zaidi, na huenda linatokana na neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Tena familia nyingi tayari zilikuwa na majina.

Tangu Januari 2024, sheria inawaruhusu wazazi kumpa mtoto majina yao yote mawili ya ukoo.