Yasmini Yenye Majani Tele Bila Maua



Huenda na nyumbani kwenu upo mti wa yasmini wenye majani mengi usiotoa maua, na mama ameshasema ung'olewe kwa kuwa mbegu yake ni mbaya. Msiung'oe kwanza. Yasmini yetu hii ya kutungia vikuba huzaa mbegu kwa nadra sana. Hupandwa kwa vipande vya matawi. Aghalabu kasoro ni moja: haujakatwa.

Maua ya yasmini hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Mti ukiachwa miaka mingi, matawi yake hukomaa, hujisokota, na maua hupungua. Basi mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, chukueni mkasi mkali mpunguze kiasi cha theluthi moja, na matawi yaliyokauka yaondolewe yote. Utaonekana kama umeharibiwa, lakini mvua zikinyesha utachipua. Tazameni pia jua. Ukiwa chini ya mwembe hautachanua vizuri hata ukikatwa. Unahitaji angalau nusu siku ya jua.

Vile vipande msivitupe. Chagueni vijiti visivyo vichanga sana wala vigumu sana, vya sentimeta 15 hivi, ondoeni majani ya chini, mvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 6 huwa vimeota mizizi. Mkihamishia bustanini, wekeni samadi iliyooza, na fito za kuegemea, kwani yasmini haina vikono vya kujishikia. Lazima ifungwe kwa kamba.

Kwa wanaokaa bondeni Kilosa, ambako mto Mkondoa ulifurika Desemba 2009 na Januari 2010, pandeni juu ya tuta. Maji yakituama, mizizi huoza.

Shida kubwa huku kwetu ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku hulowesha juu tu. Afadhali ndoo nzima mara mbili kwa wiki, jioni, na shina lifunikwe kwa nyasi kavu. Maji ya udhu yanafaa sana maana hayana sabuni. Chimbeni mfereji mdogo kutoka penye kutawadhia hadi shinani. (Isiwe kisingizio cha kufungulia bomba ovyo!) Mbuzi wazuieni kwa miiba. Wenzetu wa Mikumi wakiingiliwa na tembo kutoka hifadhini, hiyo ni habari nyingine na miiba haitasaidia.

Anayetaka kutunga kikuba achume matumba jioni, yakiwa meupe na bado yamefumba. Hufunguka usiku, na ndipo harufu huwa kali. Ua lililokwisha kufunguka mtini halikai. Kesho yake hugeuka rangi na kudondoka.