Je, Wazimu ni wa Ukoo?

Watu wa Kasubi, kama watu wa Buganda yote, hawaozi mtoto kwa haraka. Kwanza huuliza ukoo wa mchumba, maana kwa desturi Mganda haoi katika ukoo wake. Kisha huuliza neno jingine kwa sauti ndogo: je, nyumba ile ina wazimu? Jibu likiwa ndiyo, mara nyingi uchumba huvunjika. Nimeona yafaa tulitazame swali hilo kwa elimu, kwa kuwa sisi wanafunzi tutaoa baada ya miaka michache, na wengi wa wakubwa wetu waliosoma hapa zamani sasa wanaoza watoto wao.

Wazee hawakukosa kabisa. Iko maradhi ya akili iitwayo skizofrenia, ambayo mgonjwa wake husikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyo kweli. Katika watu 100, kama mmoja hupatwa nayo maishani mwake. Katika watoto 100 ambao mzazi wao mmoja anayo, yapata 10 hupatwa. Hatari imezidi, ni kweli. Lakini ihesabuni pia upande wa pili: 90 hawapatwi! Hata mapacha wa kufanana kabisa, ambao urithi wao ni mmoja, akiugua mmoja, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Basi urithi una nguvu, lakini si hukumu.

Sababu yake ni hii. Urithi wetu umo katika jeni, yaani maagizo madogo ya mwili ambayo kila mtu hupewa na baba na mama. Hakuna jeni moja ya wazimu. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza kuwa wameona mahali 287 katika urithi wa binadamu panapohusiana na skizofrenia, na karibu kila pahali huongeza hatari kidogo tu. Fikirini Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya makaburi ya Makabaka hapa Kasubi. Paa lake huezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye kwa matita mengi mno ya nyasi. Tita moja bovu halivujishi nyumba. Yakiwa mengi, na mvua ikawa kubwa, ndipo maji huingia. Mvua hiyo ni mambo ya maisha, kama taabu za utotoni na uvutaji wa bangi. Na matita mabovu kadha wa kadha yamo katika paa la kila mmoja wetu, hata yule anayekataa posa.

Lakini wengi sana wa watu waliopimwa katika kazi za namna hiyo walikuwa wa asili ya Ulaya. Waafrika, ambao urithi wao ni wa namna nyingi kuliko watu wote duniani, walikuwa wachache. Kwa hiyo ulianzishwa uchunguzi uitwao NeuroGAP-Psychosis katika Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, pamoja na wataalamu wa Marekani. Mpango wake, uliochapishwa mwaka 2019, ulitaka watu 34,000, nusu wagonjwa na nusu wazima. Upande wa Uganda uliongozwa na Daktari Dickens Akena wa Chuo Kikuu cha Makerere, na Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa mahali pamoja pa kazi hiyo. Kila mtu alitoa mate katika chupa ndogo, kwani mate yana jeni. Wala hakulazimishwa mtu: alielezwa kwanza, kisha akaulizwa maswali ili ijulikane kama ameelewa, ndipo akakubali.

Matumaini ni kwamba jeni zitaonyesha jinsi maradhi yanavyoanza, ili zipatikane dawa bora. Lakini hata leo hakuna kipimo cha mate wala cha damu kiwezacho kusema kwamba mchumba fulani ataugua.

Basi, ndugu zangu, tufanyeje? Hofu ya kukosa posa ndiyo inayofanya mgonjwa afichwe chumba cha nyuma, na kila mwezi anaokaa bila dawa humdhuru. Tukiulizwa, tuseme kweli: yuko ndugu yetu mgonjwa, naye anatibiwa. Na sisi tukienda kuposa, tukasikia neno hilo, tusigeuke nyuma mlangoni.